Sakafu Niliyoipima Siku Moja

Nilikosea. Nilisanifu sakafu ya mbao na zege mjini Kitengela, nikaipima siku nguzo za muda zilipotolewa, nikaona imekaa sawa, nikaikabidhi kwa mwenyewe. Sikuhesabu miaka. Kosa lilikuwa langu. Halikuwa la fundi, wala la mwenye nyumba, wala la udongo, ingawa udongo ndio niliousingizia kwanza. Nalieleza hapa kwa sababu ni kosa jepesi kufanyika. Yeyote anayejenga kati ya Athi River na Namanga anaweza kulirudia akiwa na nia njema kabisa, kama niliyokuwa nayo mimi.

Sakafu ya namna hii ni wazo zuri, na bado naliamini. Unapanga boriti za mbao kutoka ukuta hadi ukuta, unazifunika kwa plaiwudi, unapigilia misumari mikubwa au skrubu zinazobaki zimechomoza, halafu unamwaga juu yake zege la inchi mbili na nusu lenye wavu wa BRC ndani. Zege likishika, misumari hiyo inavifunga viwili viwe kitu kimoja. Mzigo ukija, zege la juu linakandamizwa na mbao za chini zinavutwa. Kila kimoja kinapewa kazi inayokifaa, maana zege hustahimili sana kukandamizwa na hupasuka upesi likivutwa. Wajerumani walikuwa na hataza ya sakafu kama hii tangu 1922, miaka ambayo chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Kitengela ina sababu zake za kuipenda. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono jua likiwaka. Kila kilo unayoipunguza juu inausaidia msingi. Slabu ya kawaida ya inchi sita huweka karibu kilo 360 kwenye kila mita mraba. Zege na mbao zangu kwa pamoja zilikuwa takriban nusu ya hapo. Tena boriti zenyewe zinalibeba zege likiwa bichi, kwa hiyo hukodi msitu mzima wa miti ya kuegemeza.

Mama aliyenipa kazi hiyo alikuwa na ploti yenye duka la agroveti, akataka ghorofa moja juu yake. Ilikuwa 2019. Serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma tangu Februari 2018, na mbao zilizokomaa na kukauka vizuri zilikuwa ghali na shida kupatikana. Tulipata saipresi ya shambani, inchi nane kwa mbili, miti michanga iliyopasuliwa karibuni. Ukiisukuma randa juu yake, maganda yalitoka yamelowa na kukushika kidoleni. Niliyaona kwa macho yangu. Nikasema zitakaukia hukohuko juu.

Yaliyofuata niliyaruhusu moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na sababu iliyoonekana ya maana siku hiyo. Zege lilichanganywa laini, lenye maji mengi, ili wavulana wa mjengo walipandishe kwa karai bila kuchelewa. Kulimwagilia baada ya hapo kulikatizwa mapema kwa sababu maji yalikuwa ya kununua kwa boza, na mama alishalalamikia bei. Saruji tuliyotumia ilikuwa ile ya kawaida ya mifuko, yenye pozolana, ambayo huchukua muda mrefu zaidi kupata nguvu yake. Nasi tuliondoa nguzo baada ya wiki mbili kwa sababu fundi alizihitaji kwingine. Kuunganisha mbao na zege tulitumia misumari, si skrubu, kwa kuwa misumari ilikuwepo.

Siku ya kuondoa nguzo tulivuta uzi. Boriti zilikuwa na urefu wa mita 4.5 kati ya ukuta na ukuta, na kanuni ya kawaida ya kugawa urefu kwa 250 iliniruhusu kunepa kwa milimita 18. Sakafu ilikuwa imenepa milimita 8. Nilifurahi. Nilimwambia mwenye nyumba, "Mama, hii haiendi popote." Alinilipa salio langu, nikaondoka, na mchoro ule nikauweka vizuri kwa ajili ya wateja wengine.

Misimu ya mvua ikaanza kukatika mwishoni mwa 2020, na ukame ule uliendelea hadi 2022. Kajiado ilipoteza mifugo wengi, na wafugaji waliokuwa na uwezo walinunua chakula cha ng'ombe badala ya malisho. Mama akaigeuza ghorofa kuwa stoo. Magunia ya chakula cha mifugo yalipangwa huko kutoka ukuta hadi ukuta, na gunia likitoka, jingine liliingia mahali pake. Kwenye mchoro nilikuwa nimeandika chumba cha kuishi. Katika hesabu za kihandisi, sehemu ya mzigo wa watu na samani inayochukuliwa kuwa iko pale daima ni asilimia 30 tu. Ya stoo ni asilimia 80. Sikumuuliza ataweka nini juu. Yeye hakuwa na sababu ya kujua kwamba swali hilo lipo.

Mlango wa ofisi ndogo nyuma ya duka ukaanza kukwama. Ukuta wa ofisi hiyo ulikuwa wa mbao nyepesi, wa kugawa tu, haukukusudiwa kubeba kitu. Nilipoitwa nilitazama mlango, nikatazama nje, nikatoa hukumu ambayo kila mtu Kitengela huitoa: udongo. Nilimshauri mama azungushie nyumba ukanda wa zege na mfereji ili maji yasiingie kwenye msingi. Akajenga, akalipa. Fundi wa milango akaupiga mlango randa, ukafunguka. Baadaye ukakwama tena, akaupiga randa tena.

Mvua za El Niño zilipokuja kati ya Oktoba na Desemba 2023, nilitarajia mambo yatulie. Nilijiambia mbao zimekauka mno wakati wa ukame, sasa zitanywa unyevu na kurudi. Hazikurudi. Mlango ukakwama kuliko mwanzo, na nikaitwa mara nyingine mapema 2024.

Fundi wa milango ndiye aliyenionyesha. Alikuwa ameutoa mlango kwenye bawaba na kuulaza juu ya magunia. "Injinia," akasema, "nikiupunguza tena, huu hautakuwa mlango. Njoo utazame." Akaishika pimamaji chini ya kichwa cha fremu, nusu ya kushoto: povu likakimbilia kushoto. Akaihamishia nusu ya kulia: povu likakimbilia kulia. Kichwa cha fremu kilikuwa kimebonyea katikati. Nilisimama pale nikiliangalia lile povu kwa muda. Udongo unaweza kuinua ukuta, unaweza kuuzamisha na kuupasua, lakini udongo hauikandamizi fremu kutoka juu. Kuta za mawe hazikuwa na ufa hata mmoja. Mlango haukuwa umevimba. Dari ilikuwa imeshuka, na ule ukuta mwepesi ulikuwa umegeuka nguzo bila kuombwa.

Niliagiza ngazi. Nilibana vipande viwili vya mbao vya unene wa milimita 50 chini ya ncha mbili za boriti isiyo na ukuta chini yake, nikavuta uzi chini yavyo ukakaza, nikapanda katikati na rula ya chuma. Kama boriti ingekuwa imenyooka, ningesoma 50. Nilisoma 24. Nikapima ya pili, nikapima ya tatu. Sakafu niliyoikabidhi ikiwa imenepa milimita 8 sasa ilikuwa milimita 26, na hakuna aliyeigonga, wala mtetemeko, wala mzigo wowote wa ajabu. Ilikuwa imebeba tu.

Usiku ule nilifungua Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya miundo ya mbao, kwenye ukurasa ambao nilikuwa nimeusoma miaka mingi kabla na sikuutumia. Kwa mbao zilizo chini ya paa lakini zinazopigwa na hewa ya nje, kama zilivyokuwa zile za stoo yenye matundu ya hewa, kanuni hiyo inaongeza asilimia 80 juu ya mnepo wa siku ya kwanza unaotokana na mzigo wa kudumu. Mbao zikijengwa zikiwa mbichi na kukaukia chini ya mzigo, inaongeza asilimia 100 nyingine. Nane mara 2.8 ni zaidi ya 22. Weka hapo kusinyaa kwa zege na magunia yasiyoondoka, umeshafika kwenye 26 yangu. Hesabu hiyo haikunichukua muda wa chai kupoa. Ningeweza kuifanya 2019.

Kila fundi amewahi kuona rafu ya jikoni iliyobeba sufuria zilezile kwa miaka mingi ikawa imepinda, ingawa hakuna sufuria iliyoongezwa. Mbao hufanya hivyo. Zege nalo hufanya hivyo, hasa likipewa mzigo likiwa changa. Katika sakafu ya viwili hivi kuna mambo mengine zaidi, na ndiyo niliyoyasahau.

Kwanza, zege linapokauka husinyaa, na la kwangu lilikuwa na maji mengi, halikumwagiliwa vya kutosha, likapigwa na upepo mkavu wa nyanda za Kapiti. Likifupika juu wakati mbao za chini hazifupiki kwa urefu wake, sakafu nzima hujikunja kwenda chini, hata bila mtu kukanyaga. Pili, misumari inayovifunga viwili hulegea kidogokidogo ndani ya mbao. Kanuni huzidisha maradufu kiwango cha kunepa kwa muda inapohusu viungo. Kiungo kikilegea na zege likikubali, kazi iliyokuwa ya zege huhamia kwenye mbao, nazo hubeba zaidi ya zilivyobeba siku ya kwanza. Bandu bandu huisha gogo.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza, mbao zilizobeba mzigo hunepa zaidi zikikauka na kulowa na kukauka tena kuliko zikikaa kwenye unyevu usiobadilika. Kila mzunguko huongeza. Nilidhani mvua za 2023 zingeirudisha sakafu juu. Zenyewe zilikuwa zamu nyingine ya kuishusha. Mahali penye kiangazi kikali na mvua mbili kwa mwaka, hali ya hewa yenyewe inafanya kazi kwenye boriti. Nchini Italia, watafiti kina Ario Ceccotti na Massimo Fragiacomo waliiacha boriti ya mbao na zege ikiwa imebeba mzigo nje, mahali palipofunikwa, kwa miaka 5 ndipo wakaivunja kuijaribu. Walijua kwamba kipimo cha siku moja hakiwaambii walichotaka kujua.

Sakafu yangu haikuwa karibu kuanguka. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na pia kwa kuwa nilitaka kujificha nyuma ya ukweli huo. Lakini mbao hazichoki kwa kunepa tu. Maabara ya Misitu ya Madison, Marekani, ilionyesha 1951 kwamba mbao zinazobeba mzigo mfululizo kwa miaka 10 huvunjika kwa mzigo wa takriban asilimia 60 ya ule ambao zingeustahimili kwa dakika chache. Wakati nasanifu, sheria tuliyoifuata Kenya ilikuwa bado ile ya ujenzi ya 1968. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Hilo halinipunguzii kitu. Nilichohitaji kujua kilikuwa kimechapishwa kabla sijazaliwa.

Kazi ngumu kuliko kupima ilikuwa simu ya Kajiado. Mchoro uleule nilikuwa nimeutumia 2023 kwa nyumba ya mzee mmoja mjini Kajiado, ng'ambo ya reli, na yeye hakuwa amelalamika chochote. Ningeweza kunyamaza. Nilimpigia nikamweleza kwamba sakafu yake itaendelea kunepa na kwamba nilipaswa kulijua hilo kabla. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kijana wangu, nilikuuliza kama hiyo mbao ya chini itachoka. Ukaniambia haitachoka." Nilikumbuka alipouliza. Tulikuwa tumesimama kwenye kivuli cha ukuta, nami nikajibu haraka, kwa sauti ya mtu anayejua. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba nilimjibu vibaya.

Gharama ilikuwa hivi. Kitengela tuliweka boriti ya chuma katikati ya chumba, juu ya nguzo mbili za chuma zenye misingi yake. Ukigawa urefu wa boriti mara mbili, kunepa kwake hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita, kwa hiyo sakafu haijasogea tena. Lakini hatukuweza kuirudisha ilikokuwa; kuinyanyua kwa jeki kungelivuta zege upande wa juu na kulipasua, na vigae vya stoo vitabaki na bonde katikati. Duka lilifungwa wakati wa kazi. Nililipa chuma, mafundi, hasara ya siku za kufunga, na ule ukanda wa zege ambao haukuhitajika. Kajiado nililipa boriti kama hiyo kabla mnepo haujafika mbali. Mzee alinishukuru kwa kumwambia, na nyumba yake ya pili akampa mhandisi mwingine. Alikuwa na haki.

Sijaacha kujenga kwa mbao na zege. Kwa udongo wetu na kwa bei ya chuma, ni jibu linalofaa, na miti tunaipanda wenyewe. Hata mabwana wa Lamu na Unguja walikuwa wakiweka chokaa na mawe ya matumbawe juu ya boriti za mikoko karne nyingi kabla yetu, lakini waliifahamu boriti yao: vyumba vyao ni vyembamba, mara nyingi havifiki mita 3, kwa sababu hapo ndipo mti ule ulipowafikisha. Sisi tumerefusha boriti bila kurefusha hesabu.

Kwa hiyo, mhandisi mwenzangu, piga hesabu ya sakafu hii mara tatu: siku ya kwanza, kati ya mwaka wa 3 na wa 7, ambapo zege huwa limeshanepa sana wakati mbao bado ziko njiani na zinaweza kuelemewa kuliko ulivyotarajia, na mwaka wa 50. Ikifaulu ya kwanza tu, haijafaulu. Tumia skrubu ndefu za mshazari, au chonga vijino kwenye mbao zege lishike humo, ili viungo visilegee. Inua katikati kidogo kabla ya kumwaga zege. Acha nafasi kati ya dari na kuta za kugawa, zisije zikageuka nguzo.

Fundi, kataa mbao mbichi. Mkandarasi akisema zitakaukia juu, mwambie zitakauka kweli, na zitakauka zikiwa zimepinda. Punguza maji kwenye zege, ongeza maji juu yake baada ya kushika, na nguzo zisiguswe kabla ya siku 28 hata kama mjengo mwingine unazisubiri. Pesa ya boza ni ndogo kuliko pesa ya boriti ya chuma.

Nawe mwenye nyumba, mwambie anayekuchorea utaweka nini juu, hasa kile kitakachokaa miaka bila kuondoka: magunia, tangi la maji, mashine. Mwulize sakafu itakuwa imenepa milimita ngapi baada ya miaka 10. Asipokuwa na jibu lenye tarakimu, usimlipe bado. Na siku ya kukabidhiwa, mwambie avute uzi mbele yako, aandike kipimo na tarehe ukutani kwa rangi isiyofutika, kisha mpime tena kila mwaka baada ya mvua za masika. Kipimo cha siku ya kwanza ni cha kuanzia hesabu. Hakuna sakafu ya mbao iliyowahi kupitishwa kwa hicho peke yake ikawa imepitishwa kwa haki.